Ncha ya Uzi

Kutu iliyolowa oili ina harufu yake. Ikinipanda puani, narudi gereji ya nyumbani kwetu mjini Plymouth, huku Marekani, theluji imefika dirishani, na baba yuko chali chini ya gari lake la zamani la Kimarekani, lile jekundu la kunguruma.

Baba mdogo alikuwa ameliazima, akalirudisha linang'aa rangi mpya. Baba alining'iniza timazi, vile vizito vya uzi, kwenye kona za chesisi, fremu ya chini ya gari, akatia alama za chaki sakafuni, kisha tukavuta uzi kwa mshazari, kona hadi kona, mimi nikishika ncha. Chesisi ikiwa imenyooka, mishazari miwili hulingana. Yetu ilipishana kwa upana wa dole gumba.

"Umeligonga wapi, mdogo wangu?"

"Sikuligonga popote, kaka. Huyu mtoto kalegeza uzi."

Sikuwa nimelegeza. Uzi ulikuwa umenichana kidole. Baba alikiona, lakini wageni wa kanisani walikuwa wamejaa mlangoni, na mtu hamvui nguo mdogo wake mbele ya wageni.

"Mwombe radhi baba yako mdogo," akaniambia.

Nikaomba. Radhi ile haijashuka kooni mpaka leo.

Sasa gari la baba mdogo mwenyewe, analotaka kuliuza, limeinuliwa juu ya vyuma gerejini kwangu New Hope, mji jirani na Plymouth. Mnunuzi amesimama pembeni, anasubiri kauli yangu.

"Mwanangu," baba mdogo ananinong'oneza, "mwambie tu limenyooka."

Nampa ncha ya uzi.

"Shika hapa, baba mdogo. Na usilegeze."