Mawese Mlangoni

Nikipita soko la komini ya Kenya, mtaa wa mji wetu, na kusikia harufu ya mawese yakichemka, miguu husimama yenyewe.

Sisi ni watu wa Kasai, wahamiaji katika mji huu. Wenyeji walituita Wayahudi kwa matusi, lakini Kaku, mama yake baba, alilipokea jina hilo kama urithi. Alitaja mababu wa baba mmoja mmoja mpaka akafika kwa Yakobo bila kuvuta pumzi, Biblia imefungwa mapajani.

Wiki ile nyumba za watu wetu zilipoanza kuvunjwa na wenyeji, baba alikwenda stesheni kututafutia nafasi kwenye treni. Kaku akachovya ufagio katika mawese ya moto, akapaka miimo na kizingiti cha juu, kama damu ya mwana-kondoo katika Biblia yake. Mafuta yakatiririka, mekundu, mazito, hadi chini ya mlango.

"Siye tuko Bayuda, mwana wangu. Malaika akiona hii alama, atapita."

Jua la mchana likiwa kali, tulisikia hatua. Zilikuja moja kwa moja, zikasimama mlangoni. Nililala kifudifudi nikachungulia kwenye upenyo wa chini, nikaona viatu, nikafungua mdomo kuita. Kaku akaniziba mdomo kwa kiganja chenye mafuta. Nje mtu alihema kama aliyeona damu. Hakubisha hodi.

"Nyamaza," Kaku alininong'oneza. "Njo malaika, ndiye huyu."

Hatua zilirudi nyuma, kisha zikakimbia. Kaku akamshukuru Mungu wa Ibrahimu.

Baba hakurudi; Kaku alimngoja mpaka siku ya kufa kwake. Sikumwambia kamwe kwamba malaika yule alikuwa amevaa viatu vya baba.