Treni Isiyo na Saa

Mimi sijui kukaa. Hata mwaka ule tulipokuwa tunatengeneza ukurasa wa simu wa kuonyesha treni zinazokuja Kamina, nilikuwa naandika mistari miwili, nasimama, naenda dirishani, narudi. Tulikuwa wawili: mimi, na binti wa wafanyabiashara wenye asili ya Maniema, mtu asiyeinua sauti.

Ukurasa ulikuwa wa vipande: kimoja cha orodha ya treni, kimoja cha saa zilizobaki, kimoja cha tangazo la "Imefika". Kila kipande kilikuwa na majaribio yake, na kwa kuwa huwezi kuita treni ya kweli kila unapotaka kujaribu, majaribio yalitumia treni za kuigiza, data tuliyoitunga wenyewe. Treni hizo zilinikera. Zilitapakaa katika kila faili, na ukigusa moja inabidi uzifuate zote. Asubuhi moja nikatunga treni moja safi, yenye saa yake ya kufika, nikaiweka mahali pamoja ili majaribio yote yaiazime. Nyingine zote nikazifuta. Kwa kiherehere changu nikafupisha na kipande cha saa. Majaribio yote yakapita.

"Yaya, ulitosha train yangu juu ya nini?" mwenzangu akaniuliza, akiniita yaya kama mkubwa wake, kwa nini nimeiondoa treni yake.

Ya kwake haikuwa na saa. Pale pa saa palikuwa patupu. Nilidhani alisahau kupajaza. Nikamtania kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake, ila humu tutasuka kichwa kimoja.

"Papa anangojaka mizigo yake ku gare," akasema. "Train ya kukuya na saa njo ya wapi?"

Nikacheka eti pale stesheni hakuna treni ijayo kwa saa yake, nikaiachia kazi iende kwa watu. Mimi niliyekulia kando ya reli.

Siku chache baadaye mama alikuwa anamngoja dada yake kutoka Luena. Mama mkubwa alikuwa mgonjwa, anakuja kutibiwa, tena peke yake. Kwetu, bukari, ugali wa mgeni wa treni, haisongwi mpaka mtu apite kutoka stesheni aseme amewaona abiria wakishuka. Safari hii mama alifungua simu, akasoma "Imefika", akasonga, akafunga sahani kwa kitambaa, akaenda.

Alinipigia alasiri, nikakimbia. Stesheni ilikuwa tupu. Mama alikuwa ameketi na sahani magotini, analia.

"Train ilifika, bantu bote balisha kuenda," akasema. "Dada yangu haiko. Alianguka mu njia?"

Simu ya mama mkubwa haikupatikana. Nilikimbia mpaka kwa mlinzi, naye akanishangaa: hakuna treni iliyofika. Ilikuwa imeharibika Luena, abiria wamo ndani, saa ya kuondoka hakuna aijuaye.

Hapo nikaelewa, na aibu ikaniwaka usoni. Data ya kweli ilikuja bila saa. Kipande nilichokifupisha kilisoma patupu kama sifuri, na zikibaki saa sifuri, maana yake imefika. Treni ya mwenzangu ingelinasa kosa hilo siku ile ile.

"Mama, train haiyafika bado," nikamwambia. "Ile telefone ilikudanganya, na njo minyi niliikosesha."

Akajifuta machozi kwa kitambaa cha sahani. Nikampigia mwenzangu, nikamwomba msamaha, nikamwomba airudishe treni yake, safari hii katika faili la wote. Majaribio mawili yakaanguka papo hapo. Tukarekebisha, yeye ofisini, mimi nikizungukazunguka stesheni na simu sikioni.

"Sasa inasema nini?" mama akauliza.

"Inasema haiyue saa."

"Sasa njo inasema kweli."

Akanimegea bukari iliyokwisha kupoa, akanionyesha nafasi kando yake.

"Ikala," akasema.

Nikakaa. Nilikaa naye mpaka kesho yake, dada yake aliposhuka polepole, mkono mmoja ukishika mlango.