Nilimufundisha Mudogo Wangu Kutoka, Kisha Nikamukana

Admin, ficha jina yangu, maana watu wa kwetu Kisangani wanasoma page hii.

Niko mama wa miaka sabini na mbili, mwalimu wa zamani. Naishi na mudogo wangu, tumuite Saidi, miaka sitini na nane. Hajaoa, hajafanya kazi hata siku moja, na kosa ni langu. Musiniandikie "pole mama". Someni kwanza.

Tangu utoto Saidi alikuwa na yake. Hakuangalia mutu machoni, kelele ilimuumiza, na kila neno alilishika vile ulivyolisema. Leo waganga wa hospitali wanaita hiyo autisme. Wakati ule wa Zaïre, majirani walisema tu amelogwa. Mimi nilikataa. Kwa hesabu alitushinda wote, akapata diplome d'État ya kumaliza sekondari, akakubaliwa iniversite.

Bon, nikakamata kaye, daftari ya shule, nikaanza kumuandikia kanuni na kumutengeneza. Namna ya kusalimia profesa, namna ya kuuliza swali bila kulirudilia mara kumi. Tuliingia auditoire, chumba kikubwa cha masomo, ikiwa tupu, akachagua kiti chake. Kila juma tulivuka muto na pirogue, mutumbwi wa abiria, mupaka Lubunga ili azoee kubanana na watu. Kanuni ya saba ndiyo nilijivunia zaidi: kelele ikikuzidi, simama pole pole, toka, rudi nyumbani, usimuombe mutu ruhusa.

Miezi mitano alifanya vizuri, mama yetu akaanza kumuita "injenia".

Ikakuja siku ya animation. Wenye kuishi wakati ule munajua: wakubwa wa Parti, chama cha Kiongozi, wamekaa mbele, wanafunzi wote wanaimba na kucheza kumusifu Kiongozi, ngoma hazina huruma. Saidi akasimama pole pole, akapita mbele ya wakubwa katikati ya wimbo, akaenda zake nyumbani. Alifanya kabisa vile nilimufundisha. Mimi niliyeandika kila kitu, animation sikuifikiria hata kidogo.

Kesho yake wakubwa wa Parti wakatuita wote wawili, mimi kama yaya, dada yake mukubwa. Saidi, mutu asiyejua kuficha, akawatolea kaye na kuwaonyesha kanuni ya saba. Responsable mumoja akanigeukia: "Citoyenne, ni wewe unafundisha vijana kutoka wakati wa kumusifu Kiongozi?"

Nilikuwa mwalimu wa Leta, mushahara wa serikali, mutoto iko mugongoni. Nikasema, "Hapana, citoyen. Hiyo kaye siijui. Huyu iko wazimu, anaandika vitu vyake."

Wakafuta jina lake iniversite, wakamutupia kaye yake. Njiani hakulia. Aliniuliza mara moja tu: "Yaya, mwandiko ni wako. Sababu gani ulisema si wako?" Nikaongeza mwendo. Mupaka leo sijamujibu, na tunakula lituma ya ndizi kwenye sahani moja.

Sasa mujukuu wangu, binti wa miaka kumi na tisa, iko na hali ileile, anaingia iniversite. Mama yake ananiomba nimutayarishe, eti kwa sababu mimi nilimuelewa tonton Saidi. Nikaona haya, lakini nikaitafuta ile kaye. Saidi alikuwa ameilalia chini ya godoro miaka yote. Kanuni zangu zilikuwa kumi na mbili. Ukurasa wa mwisho nikakuta ya kumi na tatu, mwandiko wa Saidi: "Wakubwa wakimuuliza Yaya, usimutegemee."

Binti anafika kwetu juma pili. Saidi ameisha kumutengea kiti. Ninyi musionijua, semeni bila kunihurumia: nimupe kaye yote, ao nipasue kwanza ukurasa ule wa mwisho?