Verediana na Karatasi ya Kiwanja

Dada Verediana, jirani yangu hapa Mshangano, hasahau kitu. Mtoto wa nani alibatizwa lini, nani alikuja msibani mikono mitupu, sufuria la jumuiya liko kwa nani tangu Pasaka, muulize yeye. Ila akikasirika, basi. Hapo hata jina lake atalitafuta.

Mwaka jana wapima ardhi walikuja mtaani. Saimon, mdogo wa Oswald, marehemu mume wa Veri, akakimbilia kwa mtendaji kusema kiwanja anachokaa Veri ni cha ukoo. Mtendaji akamwambia Veri, "Mama, lete karatasi ya mauziano Alhamisi. Usipoleta, kitaandikwa cha ukoo."

Karatasi ilikuwepo. Aliificha kwa mkono wake mwenyewe, mwaka ule waliponunua. Wapi?

Siku tatu alipekua. Godoro likapasuliwa, debe la mbegu likamwagwa, watakatifu wakateremshwa ukutani. Akipekua anamtukana Saimon, na akimtukana anakumbuka ubaya mwingine: mbuzi aliyemchukua, maneno aliyosema kwenye arobaini. Ubaya wote ulikuja. Karatasi haikuja.

Nikamwambia, "Dada, hasira inaita hasira mwenzake tu. Kaa unywe uji."

Akanifukuza.

Jumatano asubuhi akapita Ramson, fundi mwashi, Mhehe wa Iringa, kwa hiyo mtani wetu sisi Wangoni. Sisi wote tulikuwa tunaingia pale na pole. Yeye akasimama mlangoni, akaanza na salamu ya kwao.

"Kamwene, mkimbizi! Babu zenu walitembea toka Afrika Kusini mpaka hapa hawakupotea. Wewe umepotea kwenye vyumba viwili?"

"Toka, mla mbwa!"

"Mbwa wako nimemwona. Kakonda, hanifai. Na sasa nimejua kwa nini Oswald alikuwa anacheza ngoma yenu ya lizombe kila siku. Alikuwa anajipasha moto akukimbie!"

Akachukua kanga kwenye kamba, akajifunga kiunoni, akaanza kucheza lizombe pale uani. Jamani! Kuku walitawanyika.

Veri alijizuia, akashindwa. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Siyo hivyo, we Mhehe! Mguu unapigwa chini! Oswald alipiga hivi, siku ile tumeweka sahihi. Aliingia jikoni na njuga miguuni, mboga ikaungua, nikamvua mwenyewe nikazi..."

Akainua macho darini.

"Njuga," alisema.

Mfuko wa njuga za Oswald ulikuwa darini tangu mazishi. Hakutaka uguswe wala utajwe. Tukaushusha. Ndani kulikuwa na njuga, vumbi, na karatasi imekunjwa kwenye nailoni. Veri alilia huku anacheka, na alichokumbatia ni njuga, siyo karatasi. Ramson akavua kanga, akakaa naye chini.

Alhamisi Saimon alisoma karatasi mbele ya mtendaji. Kwenye mstari wa mashahidi akakuta jina na alama ya dole gumba la baba yake mwenyewe.

"Shemeji," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sikujua."

Ulimi uliniwasha. Veri akanifinya mkono.

"Njoo Jumapili ule, shemeji," akamjibu. "Uje na njaa, maneno uyaache kwako."

Njiani nikamuuliza mbona kamwachia kirahisi hivyo.

"Nikimkasirikia, Oswald ananipotea tena," akasema. "Jana ndiyo kwanza nimemwona anacheza."

Akaongeza mwendo. Alikuwa ameacha maharage motoni.