Ngamia wa Watu Wanne

Katika filamu zote zilizoletwa na gari la sinema, mchekeshaji mmoja hakuwahi kupewa kazi ila moja tu: kuanguka kutoka mgongoni mwa ngamia. Kila mara aliuma kwanza pindo la kikoi, akanong'ona bismillahi, kisha huyoo, miguu juu. Asubuhi moja askari walipomkamata pamoja na wachungaji wanne karibu na daraja la Garissa, wote wakiitwa shifta, yaani majambazi wa mpakani, askari mmoja alimtambua.

"Kumbe ni wewe! Haya, anguka tucheke, uende zako."

Aliwatazama wenzake wakisukumwa kwenye lori, akauma pindo, akasema kwa lafudhi yake ya Kisomali: "Afande, naanguka kutoka wabi? Nibe hao wanne, ndio miguu ya ngamia."

Askari, machozi ya kicheko yakiwatoka, waliwashusha wale wanne; wakainama, akawapanda mgongoni, na askari wenyewe wakainua kizuizi cha daraja. Ngamia huyo wa watu akainuka naye, akavuka daraja taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mchekeshaji hakuanguka.