Chemsha Maji, Vaa Kofia, Usiguse Nyoka

Kitabu kile nilikipata nilipokuwa karani wa stoo katika mgodi mmoja wa dhahabu upande wa Geita, miaka michache baada ya vita vya pili. Mzungu mmoja mpima ardhi alikuwa amehama na kuacha sanduku, nami nikaamriwa kuorodhesha vilivyomo. Orodha ninayo mpaka leo: kikombe cha bati kimoja, soksi nne zisizolingana, kitabu kimoja kilicholiwa na mchwa. Mchwa walikuwa wamemaliza jalada, ramani na kurasa kumi na nane za mwanzo. Kilichobaki kilianzia katikati ya sentensi inayomkataza msafiri kunywa maji ambayo hakuyaona yakichemka kwa macho yake mwenyewe. Msimamizi akasema vya kutupa nichukue.

Kiingereza nilijifundisha mwenyewe, kwa orodha za vipuri vya mashine na kamusi iliyokatika mwishoni, kwa hiyo sikuwa msomaji wa pupa. Nilikisoma mwaka mzima na kukitafsiri katika daftari tatu. Kurasa sita tu zilinishinda, maana zilikuwa zimegandana. Nikaamua kwamba ni kitabu cha mashauri kwa watu waendao Kusini, kwenye ile migodi mikubwa. Ushahidi wangu ulikuwa wa namna tatu. Sanduku lilikuwa na kibandiko cha bandari ya huko. Kitabu kilitaja dhahabu na treni zinazochelewa. Na nchi iliyoelezwa mle ilikuwa ya kutisha mno, kwa hiyo isingeweza kuwa karibu.

Baadaye nilihamia Shinyanga, nikapanga chumba Ngokolo na kupata kazi ya kupima pamba. Dada yangu mdogo alikuwa ameolewa kijijini, mwendo wa saa moja kwa baiskeli. Mwaka huo akapita mtu wa kuandikisha vibarua wa kwenda Kusini, na shemeji yangu akaweka dole gumba pamoja na wenzake sita wa chama chao cha ngoma. Hao walikuwa wachezaji wa nyoka. Chatu walimvaa shingoni kama mtu avaavyo taulo.

Dada alikuwa mjamzito. Alikwisha kuzika watoto wawili kabla hawajatembea, na mara zote mbili baba yao alikuwa safarini na ngoma. Alinisindikiza mpaka njiani, akashika usukani wa baiskeli nisiondoke.

“Kaka, huyu wa tatu nikimzika, sitaki nimzike peke yangu. Tafuta kitu humo kitabuni mwako cha kumzuia shemeji yako.”

Nilimjibu kwamba nitakwenda kuwasomea wote, lakini neno lisilokuwamo sitalitia. Mfasiri si mpishi, nikamwambia, haongezi chumvi. Akaachia usukani.

Nikaanza kusoma kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, sura moja kwa siku moja. Nilisimama, wao wakaketi. Sura ya maji iliwachukua muda, kwa sababu mmoja aliuliza kama ng'ombe wa huko nao huchemshiwa. Sura ya mavazi ilisema msafiri asitoke nje bila kofia nene tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, maana jua la nchi ile huingia kichwani na kuharibu akili. Ilisema pia viatu vikung'utwe kila asubuhi kwa sababu ya nge. Watu saba wakatazama miguu yao kumi na minne, na hakukuwa na kiatu hata kimoja. Nikaandika pembeni mwa daftari: tatizo la viatu, lishughulikiwe.

Niliposoma kwamba msafiri akiona nyoka asimame kimya, kisha arudi nyuma polepole na kumwita mtumishi, walicheka mpaka mzee mmoja akatoka ndani kuja kuuliza nani ameoa. Lakini sura zilizofuata ziliwanyamazisha. Huko kuna homa tatu. Barabara hufa wakati wa mvua. Mganga yuko mbali kwa siku mbili. Ukigonga ng'ombe kwa gari, mwenyewe atasema huyo ndiye aliyekuwa bora kuliko wote. Wenyeji ni wachangamfu, wana salamu ndefu, hukubali kila ombi na hawatimizi hata moja. Na makarani wa kienyeji, kiliandika kitabu, ni watu wa kujiona, wapendao kuorodhesha vitu visivyo na maana. Hayo ya makarani niliyasoma kwa sauti kubwa kidogo. Nilisikitika kwamba Kusini wana makarani wa namna ile.

Mpaka Jumapili ya sita wanne walikuwa wamejitoa. Mmoja alisema mama yake amemwota vibaya, wa pili alisema mguu, na wengine wawili hawakutoa sababu. Shemeji mwenyewe alinisubiri nikunje daftari.

“Shemeji, nchi chafu namna hiyo watu huishije? Mimi nabaki na ng'ombe zangu.”

Jioni hiyo dada alichinja kuku, na firigisi ikawekwa upande wangu.

Ningeliacha mambo pale, leo ningekuwa mjomba mwenye heshima zaidi. Lakini sipendi kazi yenye pengo. Zilibaki zile kurasa sita. Nikachemsha maji, nikazishikilia juu ya mvuke wa birika mpaka zikaachana moja moja. Zilieleza makabila. Kati ya ziwa kubwa na reli, kilisema kitabu, wanaishi wafugaji wapole waliokata miti yao ili kufukuza mbung'o, na ambao hucheza wakiwa na nyoka hai shingoni. Msafiri anaweza kuwatazama kwa mbali, ila asiwape tumbaku.

Nilisoma mara tatu. Kisha nikafungua daftari zangu tangu mwanzo. Maji yale yalikuwa ya bwawa letu. Barabara ile iliyokufa ndiyo niliyokuwa nikiipita kwa baiskeli kila Jumapili. Nikafika kwa makarani wa kienyeji, nikaiangalia ile alama ya pembeni, tatizo la viatu, nikafunga daftari.

Kesho yake nilimwambia dada kwanza. Alikuwa anatwanga; hakuacha kutwanga.

“Kuna uongo ndani yake?” akauliza.

Nikasema uongo haumo, ila nchi siyo ile.

“Ulisema huongezi neno. Basi usiongeze.”

Kwa hoja alinishinda. Hata hivyo Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wale watatu waliokuwa bado wanakuja kusikiliza, shemeji akiwamo, nikawasomea zile kurasa sita, kisha nikakiri kosa langu. Wawili walicheka sana. Wakaanza kuitana kwa zamu wenyeji wachangamfu wasiotimiza ombi. Shemeji hakucheka.

“Na hao waliosomeshwa kitabu hiki,” akaniuliza, “walikuja?”

“Walikuja.”

“Pamoja na homa tatu?”

“Pamoja na hizo.”

“Wakafuata nini?”

Nikasema wengi walifuata dhahabu. Alitazama ng'ombe, akasimama akajikung'uta vumbi.

“Basi na mimi nimeshasomewa. Nakwenda.”

Aliondoka na lori la pamba mwezi huo huo, na mfuko wa michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, aliofungiwa na mke wake na kofia yangu nene kichwani, maana nilisisitiza. Dada hakunitazama. Mtoto alizaliwa baadaye, wa kike, akaishi. Habari nilizipata kwenye mizani, kutoka kwa mtu aliyeleta pamba kutoka kijiji chao. Mjomba wa mtoto akaarifiwa na mteja.

Mtoto alipoanza kukaa, dada alikuja Ngokolo kwa miguu, mtoto mgongoni na barua mkononi. Ilizoeleka aniambie shikamoo. Siku hiyo alisema “mwangaluka” tu, salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kama mtu anayepishana na mgeni njiani, akanipa bahasha.

Barua ilikuwa imeandikwa na mwenzake shemeji huko mgodini. Shemeji alisema amefika. Kofia iliibwa kwenye stesheni ya pili. Maji hutoka bombani na hakuna anayechemsha. Siku ya kwanza karani mmoja aliwasomea karatasi ndefu ya mashauri kwa lugha ambayo hakuna aliyeijua, na alipomaliza wote walipiga makofi. Nyoka hajaona hata mmoja, na jambo hilo linamsikitisha.

“Atarudi lini?” dada akauliza.

Barua haikusema. Wengi, tulisikia, walikuwa wakimaliza mkataba wanatia dole gumba tena. Nikasoma, “Anasema atarudi kabla ya mavuno.”

“Kaka. Kidole chako kimetoka kwenye mstari.”

Nikakirudisha. Mistari iliyobaki ilikuwa ya ng'ombe. Alikuwa anawaulizia mmoja mmoja kwa rangi: mweupe mwenye baka begani, yule wa majivu, ndama wa mweusi kama ameachishwa. Niliiona kuwa sehemu ya kuruka, nikaisoma haraka haraka.

“Amemtaja mwekundu mwenye pembe iliyovunjika?”

“Amemtaja. Mara mbili.”

Dada akamhamisha mtoto kutoka mgongoni, akamweka mapajani. “Basi atarudi,” akasema. Kisha akaniambia nilete karatasi tujibu.

Tulijibu kwa utaratibu wa barua yenyewe, ng'ombe kwa ng'ombe. Tulipofika kwa mwekundu nilisimamisha kalamu, kwa kuwa wote wawili tulijua alikufa mwishoni mwa mvua, na ngozi yake ilikuwa inalaliwa na mtoto yule.

“Andika anakula vizuri,” dada akasema.

Nikaandika anakula vizuri, kwa wino, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote. Kisha nikaongeza mwenyewe kwamba ana mimba.