Kamba ya Ayeyo Ndani ya Mkebe

Sisi tuliosoma Garissa kabla ya simu kuwa na kioo tulijua kitu kimoja ambacho watoto wa leo hawakijui: kamba. Asubuhi ilifunga mitungi ya maji kwenye mkokoteni wa punda, saa nne tuliiruka uwanjani vumbi likitufika magotini, na jioni ilimfunga mbuzi mkorofi asije akatafuna nguo zilizoanikwa. Nyumbani tulikuta anjera na chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na mama akitukumbusha kunawa mikono, kwani vijidudu havionekani lakini vina meno. Hayo ya meno niliyaamini mpaka kidato cha pili.

Aliyeyang'oa meno hayo ni mwalimu wetu wa bayolojia. Alikuwa ametoka Kakamega na joto letu lilimtesa vibaya, lakini akianza kusimulia habari za bakteria alisahau hata kujipangusa jasho. Alituambia kwamba ndani ya kila bakteria kuna uzi wa DNA, nyuzi mbili zilizosokotana, na kwamba ndio unaobeba maagizo ya maisha yake. Uzi huo ni mrefu karibu mara elfu moja kuliko mwili wenyewe, na bakteria hana hata chumba cha kuuwekea, tofauti na seli zetu zenye kiini. Halima, niliyekaa naye dawati moja, akauliza kama bakteria ni Msomali, maana ayeyo wangu, yaani bibi, alikuwa na nyumba nzima ya fito na mikeka iliyoenea mgongoni mwa ngamia mmoja. Darasa likaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alisema hilo hasa ndilo tutakalolionyesha kwenye mashindano ya sayansi.

Nikaenda kumwomba ayeyo kamba. Kiangazi kile alikuwa amepiga kambi nje ya mji kufuata maji ya Tana, nyumba yake imesimama, na ile kamba ndefu ya kufungia mzigo safarini haikuwa na kazi. Aliisokota mwenyewe kwa magome ya mti, nyuzi mbili, ngumu kama mfupa. Alinipa bila maneno mengi, ila alisema nisiirudishe na fundo.

Basi tukaanza kazi. Sakafuni kwa fundi cherehani tuliokota vitambaa vya rangi nne, viwe herufi nne za maagizo hayo, tukavichomeka katikati ya zile nyuzi mbili, nyekundu ikitazamana na njano, buluu na nyeupe, wala haikuruhusiwa kubadilishana. Mwalimu akatuambia kwamba DNA ya bakteria wengi ni duara, haina mwanzo wala mwisho. Kufunga fundo nilikatazwa, kwa hiyo nilifanya kama ayeyo alivyonifundisha: nikasukia ncha moja ndani ya nyingine mpaka kiungo kikapotea machoni. Kisha tukaizungusha kamba kupita kiasi ikaanza kujikunja yenyewe, tukaibana hapa na pale kwa vibanio vya nguo, ambavyo ndivyo vilikuwa protini za kuukunja uzi, na ikaingia yote kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Juu yake tukatupia bangili za Halima. Bakteria ana viduara vidogo vya ziada ambavyo anaweza kumgawia jirani, na ndivyo wanavyoambukizana hata mbinu za kushinda dawa. Jambo hilo wasichana tulilielewa upesi, kwa sababu bangili hizo zilikuwa zimeshazunguka mikono ya bweni zima.

Siku ya mashindano, waamuzi wakiwa meza ya tatu kutoka kwetu, nikamwona ayeyo mlangoni mwa bwalo. Mvua ilikuwa imenyesha upande wa Bura na kina mama wa kambini wote wangepakia mizigo alfajiri ya kesho yake. Ambaye angechelewa angeachwa. Aliingia moja kwa moja, akatusalimu, akamgeukia mwalimu kwa Kiswahili chake cha kuuza maziwa sokoni, ambacho kila p iligeuka b.

"Mwalimu, kesho mimi nahama. Nyumba itabanda ngamia na nini?"

Mwalimu hakusita. Alimwaga mkebe mezani waamuzi wakitazama, akachukua mkasi, kwani kamba isiyo na ncha haifungi mzigo na kiungo nilichosuka hakikufumulika. Ayeyo alipitisha vidole kwenye lile duara taratibu mpaka akakipata kiungo, akakivuta mara mbili. Nilijua anachopima. Mkasi ungekata hapo, kamba ingepungua mkono mzima na isingezunguka mzigo. Ungekata kwingine, urefu ungebaki, lakini kila alichokuwa nacho duniani kingening'inia kwenye kiungo cha mtoto wa shule.

Aliniuliza kwa Kisomali kama ni mimi niliyeunga. Nikasema ni mimi. Akamwonyesha mwalimu sehemu iliyo mbali kabisa na kiungo.

"Kata hapa."

Tuliwaonyesha waamuzi mkebe wenye bangili tupu, mwalimu akichora hewani kwa mikono, na hatukupata hata cheti. Sikujali. Usiku kucha nilikuwa nikiona fito zikimwagika njiani na ngamia akikimbia na mikeka. Siku zilipita sina raha. Kisha mwenye lori mmoja kutoka Bura akasimama langoni na kibuyu cha maziwa na salamu fupi ya ayeyo: nyumba imefika.

Sijawahi kupata alama nzuri kuliko hiyo, na ndiyo iliyonifanya leo niwe mwalimu wa bayolojia.

Ayeyo ametangulia mbele ya haki. Nyumba yake ya mwisho ilikuwa ya mabati, haikuhama, na kamba ikaja kwangu. Binti yangu yuko kidato cha pili sasa. Juzi alinionyesha DNA ya bakteria kwenye simu, inang'aa, inazunguka kwa kidole kimoja, akaniambia kwa Sheng yao, "Mathe, hii ndiyo form, siyo ile kamba yako." Ni nzuri kweli, sibishi, na nilitamani mwalimu wangu angeiona. Nikampa kamba atafute kiungo. Aliitafuta mpaka chai ikapoa, asikipate. Nami nikimtazama, nikamkumbuka bibi aliyekipata kwa vidole, akajua ni changu, akakiamini kushika nyumba yake.